Kutafuta urani, dhahabu na shaba katika nyanda za Ruvuma: mwongozo kamili wa kazi ya utafiti

Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, umebeba aina mbili za miamba ambazo mtafiti wa madini hukutana nazo mahali pamoja kwa nadra. Upande wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, kuna miamba tabaka ya mchanga ya zama za Karoo, ambamo urani imejikusanya. Pembeni mwake ipo miamba geu ya kale zaidi yenye dalili za dhahabu na shaba, na huko Mbesa, wilayani Tunduru, wachimbaji wadogo wamekuwa wakichimba shaba hiyo kwa mikono. Katikati ya maeneo hayo ni pori la miombo, barabara chache, na ardhi ambayo bado haijapimwa kwa karibu.

Mwongozo huu ni kwa mjiolojia kijana anayepewa eneo la namna hiyo kwa mara ya kwanza, na kwa kampuni ndogo ya Kitanzania inayotaka kujua fedha zake zitatumikaje. Msimamo wake ni mmoja: utafutaji wa madini ni kazi ya kupunguza eneo. Kila hatua ina wajibu wa kukuonyesha mahali pa kuachana napo, na kazi ya gharama ndogo inapaswa kumalizika yote kabla mashine ya kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, haijapakiwa kwenye lori.

Anzia kwenye kumbukumbu

Historia ya Mkuju yenyewe inatosha kuonyesha kwa nini. Kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ilipita katika maeneo hayo kutafuta urani kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaondoka wakati bei ya urani duniani ilipokuwa imeshuka. Bei ilipopanda tena katika miaka ya 2000, kampuni ya Mantra Resources ya Australia ilirudi kwenye ardhi ileile na kuichunguza hazina iliyopewa jina la Nyota. Mwaka 2011 Mantra ilinunuliwa na upande wa Urusi, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani hapo Mkuju. Taarifa za watafiti wa awali ndizo zilizowaonyesha waliofuata mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mradi wako uwe wa Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Tafuta ramani za jiolojia za eneo lako, taarifa za kampuni zilizowahi kuwa na leseni hapo, na takwimu za upimaji wa nchi nzima kwa ndege uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao ulipima usumaku wa miamba pamoja na mionzi. Upimaji huo ulirushwa kwa mistari iliyo mbalimbali, hivyo unafaa kuonyesha umbo la jumla la miamba na mipasuko mikubwa, lakini hauwezi kukuonyesha hazina ndogo. Upimaji wa kisasa wa ndege wenye mistari ya karibu ulikuwa umefikia takriban asilimia 16 tu ya nchi wakati Serikali ilipoweka lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030, kwa hiyo hakikisha mapema kama eneo lako limo au halimo.

Kabla hujahamisha alama yoyote kutoka ramani ya zamani kwenda kwenye kifaa chako cha GPS, soma pembezoni mwa ramani ujue imechorwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84 isipobadilishwa, na tofauti ya mifumo hiyo miwili ardhini ni kama mita 300. Katika Ruvuma kuna mtego wa pili. Longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ni mpaka kati ya kanda ya 36 na kanda ya 37 za gridi ya UTM (mfumo wa kuonyesha mahali kwa mita, unaogawa dunia katika kanda), inapita kati ya mji wa Songea na mji wa Namtumbo. Timu inayofanya kazi pande zote mbili bila kuandika kanda kando ya kila namba itapata sampuli zinazoangukia mamia ya kilomita kutoka mahali zilipochukuliwa. Andika mfumo na kanda katika kila ukurasa wa daftari, hata kama unaona ni kurudia.

Leseni, hifadhi na wenyeji

Leseni ya utafutaji hutolewa na Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho yake. Kwa madini metali, kipindi cha kwanza hakizidi miaka 4, na unapoihuisha unatakiwa kuachia sehemu ya eneo. Maana yake kwa mpango wa kazi ni kwamba, kipindi hicho cha kwanza kinapofika mwisho, uwe tayari unajua sehemu gani haina kitu na una takwimu za kulithibitisha hilo. Anayetumia miaka mitatu kujenga kambi na kupiga picha hulazimika kuachia ardhi kwa kubahatisha.

Leseni peke yake haikuruhusu kuingia kila mahali. Mipaka ya hifadhi kusini imebadilika zaidi ya mara moja: mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia kurekebisha mpaka wa Pori la Akiba la Selous ili eneo la mradi wa Mkuju liwe nje, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ramani ya mipaka iliyochapishwa kabla ya hapo haifai tena. Ukiwa karibu na pori la akiba utazungumza na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ukiwa katika msitu wa hifadhi utazungumza na Wakala wa Huduma za Misitu, na ukiwa kwenye ardhi iliyotengwa na vijiji kwa ajili ya wanyamapori utazungumza na jumuiya ya vijiji hivyo. Kwa urani inaongezeka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo husimamia kinga ya mionzi. Wasiliana nayo kabla ya kukusanya sampuli, wala usisubiri hadi siku ya kuzisafirisha.

Kisha kuna kijiji. Anza kwa Mkuu wa Wilaya, ushuke kwa Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Kijiji, na uombe mkutano wa hadhara. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida tofauti kati ya kutafuta na kuchimba, kwa sababu watu wengi wakiona magari na mashine huamini mgodi umeshafunguliwa, na matumaini au hofu zinazotokana na hapo huja kuwagharimu wao na wewe. Swali la urani litaulizwa, na lijibiwe kikamilifu: mionzi ya miamba hiyo ilikuwapo kabla ya timu kufika, sampuli zitakazochukuliwa zitahifadhiwa wapi, na visima vya maji vitapimwa kabla na baada ya kazi. Wazee na wachimbaji wadogo waulizwe kuhusu mawe ya kijani, mashimo ya zamani na vijito ambavyo watu waliwahi kuosha dhahabu. Katika nchi hii hakuna kifaa kinachowashinda watu hao kwa kuonyesha pa kuanzia.

Kila metali na tabia yake

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu timu huchukua njia moja na kuitumia kwa metali zote.

Urani huyeyuka katika maji yenye oksijeni na kusafiri nayo. Katika miamba ya mchanga ya Karoo maji hayo hupenya taratibu mpaka yakutane na mahali pasipo na oksijeni, penye mabaki ya mimea ya kale au salfaidi za chuma (chuma kilichoungana na salfa), na hapo urani huganda na kujikusanya kwenye mpaka kati ya mchanga mwekundu au wa manjano ulioshika kutu na mchanga wa kijivu usioshika kutu. Mpaka huo ndio unaotafutwa. Mjiolojia wa urani anayeandika rangi ya kila mita ya mwamba kwa uangalifu anafanya kazi yenye thamani kuliko anayekimbilia kusoma kifaa peke yake.

Dhahabu haiyeyuki kirahisi. Husafiri kama chembe nzito na kutulia kwenye changarawe, nyuma ya mawe na kwenye kona za ndani za mito, na ikiwa katika mwamba hukaa kwenye mishipa ya kwatzi na kwenye mikanda iliyokatika na kusagika, kama inavyoonekana katika Lupa, wilayani Chunya, ambako dhahabu imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920. Tatizo lake ni kwamba chembe zake ni chache na hazijatawanyika sawasawa. Sampuli mbili kutoka shimo moja zinaweza kutofautiana mara kadhaa. Arseniki, ambayo mara nyingi huambatana na dhahabu na kusambaa kwa utulivu zaidi, huonyesha njia pale ambapo dhahabu yenyewe inayumba.

Shaba, risasi, zinki na nikeli hutokana zaidi na salfaidi, ambazo zikifika juu huoza na kuacha kofia ya kutu yenye vishimo vidogo juu ya ardhi. Shaba huacha pia malakiti ya kijani, ambayo macho huiona kwa urahisi, ila usipumbazwe nayo: kiasi kidogo sana cha shaba hupaka jiwe zima rangi. Zinki na nikeli mara nyingi hazina rangi ya kuzitangaza, kwa hiyo hutegemea maabara. Kabanga, wilayani Ngara, hazina kubwa ya nikeli, ilianza kujulikana kupitia utafiti wa kikanda wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970.

Mashapo ya mito

Kwa eneo la mamia ya kilomita za mraba, hatua ya kwanza ya kukusanya sampuli ni mashapo ya vijito, kwa sababu kijito kimoja hukusanya habari za bonde lote lililo juu yake. Fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Ruvuma huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na baada ya hapo nyasi huwa ndefu na barabara bado zina tope. Vijito vinapokauka unaweza kutembea ndani yake na kuchagua mahali, na moto wa miombo ukishapita utaona miamba ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imefichwa.

Chagua vijito vidogo vyenye mabonde ya kilomita za mraba 5 hadi 10 kila kimoja, na uchukue sampuli juu kidogo ya makutano, si kwenye makutano, ili maji ya kijito kingine yasichanganye habari. Kusanya kutoka sehemu tano au sita ndani ya mita 30 za mkondo, uchekeche mpaka chembe ndogo kuliko milimita 0.18, na uweke kwenye mfuko wa karatasi ngumu au kitambaa. Kwa dhahabu chukua sampuli nyingine kubwa ya kilo 2 hadi 5 ambayo maabara itailoweka yote kwenye sayanidi ili kuyeyusha dhahabu iliyomo, maana sampuli ndogo ya gramu chache inaweza kukosa chembe pekee iliyokuwepo. Papo hapo osha karai moja la changarawe na uhesabu chembe za dhahabu zinazoonekana, ukiandika pia madini mazito mengine.

Chekecheo liwe la nailoni au chuma kisichoshika kutu. La shaba nyeupe huongeza shaba na zinki kwenye sampuli. Wanaokusanya sampuli wavue pete na bangili za dhahabu kabla ya kutoka kambini, na sheria hii isiwe na msamaha kwa yeyote. Usichukue sampuli chini ya daraja, kando ya barabara iliyomwagwa kifusi, wala mahali wachimbaji walipooshea. Ukilazimika, andika.

Sampuli hizohizo zipimwe urani, thoriamu (metali nyingine yenye mionzi), shaba, risasi, zinki, nikeli na arseniki kwa mkupuo mmoja. Safari ya kufika kijito kimoja ni ghali kuliko kipimo cha ziada, na hapa ndipo kutafuta metali kadhaa kwa pamoja kunapokuwa na faida. Maji ya visima na chemchemi nayo yachukuliwe kwa ajili ya urani, yakichujwa na kutiwa asidi ya naitriki kidogo ili metali isigande kwenye ukuta wa chupa.

Kukaribia: udongo, vichuguu na mionzi

Mabonde yaliyoonyesha dalili huandaliwa mistari ya udongo. Anza na mistari iliyoachana mita 400 na sampuli kila mita 50, kisha ikaze hadi mita 100 kwa 25 pale palipojibu. Chimba chini ya tabaka la majani na udongo mweusi, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40, na ukae kwenye kina hichohicho mstari mzima. Penye mchanga mnene uliofunika mwamba, vichuguu ni msaada mkubwa, kwa sababu mchwa huleta juu udongo wa chini. Ila usichanganye sampuli za vichuguu na za udongo wa kawaida katika ramani moja.

Kwa urani, tembea mistari hiyohiyo na spektromita ya mionzi ya gama. Ni muhimu kuelewa kifaa hiki kinaona nini. Hakioni urani yenyewe, bali kinahesabu mionzi ya bismuthi-214, ambayo huzaliwa mbali chini katika mnyororo wa kuoza kwa urani (urani inapogeuka polepole kuwa elementi nyingine), na mionzi hiyo karibu yote hutoka kwenye nusu mita ya juu ya ardhi. Udongo ukilowa, masomo hushuka. Ukisimama ndani ya mtaro masomo hupanda hata kama mwamba ni uleule, maana mionzi inakujia kutoka kila upande. Kwa hiyo pima siku kavu, kwenye ardhi tambarare, kwa muda uleule kila mahali, dakika moja au mbili, na ulinganishe urani na thoriamu badala ya kutazama jumla. Miamba ya granaiti na udongo mwekundu wenye mchanga mzito hutoa mionzi mingi ya thoriamu na potasiamu, na timu nyingi zimetumia wiki nzima juu ya granaiti isiyo na lolote.

Mnyororo huo wa kuoza huchukua zaidi ya miaka milioni moja kufikia uwiano. Urani iliyohamishwa na maji karibuni inaweza kuwa nyingi huku mionzi ikiwa kidogo, na mahali ilipotoka mionzi ikabaki bila urani. Hakuna namba ya kifaa inayoweza kuingizwa katika hesabu ya hazina bila kulinganishwa na kipimo cha kemia.

Kwa shaba na nikeli, upimaji wa usumaku na wa umeme hufuata baada ya udongo. Kusini mwa Tanzania kuna onyo la pekee: madini ya kinywe (grafaiti), ambayo ni mengi Lindi na Mahenge, hupitisha umeme vizuri sana na hujibu kifaa kama salfaidi. Palipo na jibu la umeme bila metali kwenye udongo na bila kubadilika kwa usumaku, fikiria kinywe kwanza, kisha uchimbe mtaro kabla ya kuchoronga.

Mitaro na uchorongaji

Mtaro ni njia ya bei nafuu ya kuona mwamba. Uchimbwe kwa kuukata mshipa upande hadi upande, usiufuate. Mtu asiingie kwenye mtaro unaozidi kimo chake kama kuta hazijapunguzwa kwa ngazi. Sampuli ichongwe kama mfereji mwembamba wenye upana sawa, mita kwa mita, badala ya kuokota mawe mazuri. Mawe ya kuokota yanafaa kujua metali gani zipo, hayafai kamwe kukadiria kiwango.

Uchorongaji wa kwanza uulize maswali machache yaliyo wazi. Kwa urani katika mchanga wa Karoo, visima vya wima katika mstari mmoja vinatosha kuonyesha upande uliopata kutu na upande usiopata, na kila kisima kipimwe mionzi kutoka chini hadi juu siku hiyohiyo kabla hakijaporomoka. Kwa mishipa ya dhahabu kisima kiinamishwe kukutana na mshipa kwa pembe iliyo karibu na ya mraba. Mashine inayoleta vipande vya mwamba kwa hewa ni ya haraka na nafuu. Inayotoa nguzo kamili ya jiwe ni ghali, lakini bila nguzo hizo hutaielewa miamba.

Vifaa vya mkononi vya eksirei husaidia kwa shaba, zinki, risasi na nikeli palepale kisimani. Kwa dhahabu visitumike kuamua lolote, kwa sababu kiwango kinachotafutwa ni gramu chache kwa tani na kifaa hakifiki huko. Dhahabu ipimwe kwa kuyeyusha gramu 50 kwenye tanuri, na penye chembe kubwa sampuli ichekechwe kwanza ili chembe hizo zipimwe peke yake. Katika kila sampuli 20, weka moja isiyo na kitu, moja ya kiwango kinachojulikana na moja iliyorudiwa, bila kuiambia maabara ni zipi. Kumbuka pia kwamba maabara huandika urani kama metali wakati soko huzungumza kuhusu oksidi yake. Zidisha namba ya metali kwa 1.179.

Afya ya timu na ardhi mnayoiacha

Katika utafutaji wa urani hatari kubwa ni vumbi na radoni, gesi yenye mionzi inayotokana na kuoza kwa urani. Mchorongaji avae barakoa inayofaa, mtu asile wala kuvuta sigara kwenye eneo la sampuli, mikono ioshwe kabla ya chakula, na stoo ya nguzo za mwamba iwe na madirisha ya kupitisha hewa, mbali na vyumba vya kulala. Kila mfanyakazi avae kipimo cha mionzi na matokeo yake yahifadhiwe kwa jina lake. Kikomo kinachotumika kimataifa ni wastani wa milisiverti (kizio cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi na 1 kwa mtu wa kawaida, juu ya mionzi ya asili. Wapishi na walinzi wa kambi wahesabiwe kuwa watu wa kawaida. Hatari nyingine ni tembo, mbung'o, malaria na ajali za gari, na hizo huumiza wengi zaidi kuliko mionzi.

Kisima cha uchorongaji kilichokamilika kizibwe kwa saruji, hasa kilichopita matabaka mawili ya maji, ili maji yenye urani yasipande na kuingia kwenye maji ya kunywa. Mabaki ya mwamba yenye mionzi yarudishwe kisimani kabla ya kuzibwa. Mitaro ifukiwe kwa mpangilio ilivyochimbwa, udongo wa juu urudi juu, na mwenye shamba aitwe aone. Pima mionzi ya eneo baada ya kazi na uilinganishe na kipimo cha kabla ya kazi. Namba hizo mbili zipelekwe kwenye ofisi ya kijiji pamoja na majibu ya maji ya visima.

Taarifa za sehemu unayoiachia zipelekwe Tume ya Madini na Taasisi ya Jiolojia zikiwa kamili: sampuli zisizo na kitu, mistari iliyokatishwa, visima vilivyokosa, pamoja na mfumo na kanda ya ramani. Bei hubadilika na mbinu hubadilika, na mtafiti atakayeomba ardhi hiyo baada yako ataanzia kwenye kabati lilelile la Dodoma.